Kusaga Meno Usingizini: Minyoo Inasingiziwa

“Dokta, mutoto anasaga meno usiku, nimupatie dawa gani ya minyoo?”

Wiki haipiti bila swali hili kuingia mlangoni mwa kliniki yangu ya meno hapa Kolwezi. Linatoka Dilala, linatoka Manika, linatoka Kapata na Luilu. Linaulizwa na mama anayeuza mboga na linaulizwa na mhandisi ambaye bado ameshika kofia yake ya mgodi. Tena huja na jibu lake mfukoni. Hakuna anayeniuliza mtoto ana nini. Hilo limeshaamuliwa nyumbani, bibi amelithibitisha, muuza dawa wa sokoni amelipigia muhuri, na mimi nimebakiziwa kutaja jina la kidonge.

Basi nalijibu kwa maandishi, nipumzike kulijibu kwa mdomo. Hakuna dawa ya minyoo inayotibu kusaga meno, kwa sababu kusaga meno hakuletwi na minyoo. Mtoto anaweza kuwa na minyoo, anaweza kusaga meno, na anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kama vile watoto wetu wana minyoo na pia wana sare ya shule ya bluu na nyeupe. Sijasikia mtu akisema sare inaletwa na minyoo.

Najua kwa nini imani hii haifi. Minyoo ipo kweli, na ipo kwa wingi. Mahali ambapo choo kimoja kinatumiwa na nyumba nne, ambapo watoto wanacheza pekupeku mvua ikishanyesha na mboga inaoshwa kwa maji ya mtaroni, minyoo haitafutwi, inakutwa. Chukua mtaa ambao nusu ya watoto wana minyoo, na tuseme kwa mfano kwamba mtoto mmoja kati ya watano husaga meno. Katika watoto 100, wasagaji ni 20. Hata kama minyoo na meno havijuani kabisa, kumi kati ya wasagaji hao watakutwa na minyoo kwa bahati tu. Mama zao kumi watakuwa mashahidi wa maisha: “Wangu alisaga, nikampa dawa, nikaiona inatoka.” Wasagaji kumi wasio na minyoo hawatapimwa, watanyweshwa kidonge vilevile. Na wale watoto 40 wenye minyoo wanaolala kimya usiku kucha, hao hakuna anayewaita kutoa ushahidi.

“Lakini dokta, nilimpa dawa na akaacha.” Naam, aliacha. Angeacha hata ungempa maji ya mto. Kusaga meno kwa watoto huja na kuondoka. Husikika wiki mbili, hupotea mwezi, hurudi wakati wa mitihani au mtoto akiwa na homa, na kwa wengi hufifia kadiri meno ya ukubwani yanavyochukua nafasi ya meno ya utotoni. Mzazi hakimbilii farmasi usiku wa kwanza. Hukimbilia pale kelele imefika kileleni na usingizi wa nyumba nzima umeharibika. Baada ya kilele ni mteremko, na dawa yoyote iliyotolewa kileleni itasifiwa kwa mteremko huo. Kelele ikirudi baada ya miezi mitatu, hakuna anayesema dawa haikufaa. Husemwa minyoo imerudi.

Tuje kwenye mwili wenyewe. Askarisi, ile minyoo mirefu ya mviringo, hukaa kwenye utumbo mwembamba. Minyoo ya safura huuma ukuta wa utumbo huohuo na kunyonya damu. Mingine hukaa kwenye utumbo mpana. Ikizidi, mtoto huvimba tumbo, hupungukiwa damu, hudumaa, na askarisi wakijikunja pamoja wanaweza hata kuziba utumbo. Hayo ni madhara makubwa na ninayaheshimu. Taya, kwa upande wake, inasukumwa na misuli mikubwa minne kila upande wa uso, nayo inapokea amri kutoka shina la ubongo kupitia neva ya tano ya kichwa. Anayedai kwamba mnyoo aliye chini ya kitovu anaiamuru neva hiyo anapaswa kuonyesha njia. Sijawahi kuonyeshwa. Huwa natajiwa “mate mengi”, natajiwa “joto la tumbo”, natajiwa kwamba minyoo inatafuna na mtoto anaiga. Mtoto aliyelala haigi kitu asichokiona.

Kinachotokea usiku kinajulikana, kwa sababu watu wamelazwa maabara wakiwa na waya kichwani, kifuani na mashavuni, wakapimwa mpaka asubuhi. Usingizi wa binadamu mwenye afya hauendi sare. Mara kadhaa kila saa ubongo huchangamka kwa sekunde chache kisha huzama tena, na mwenyewe hajui. Kwa anayesaga meno, mambo hufuatana kwa mpangilio. Mapigo ya moyo huanza kubadilika, mawimbi ya ubongo hupanda, misuli inayofungua taya hukaza, na mwisho kabisa ndipo misuli ya kutafunia hubana na meno kulia. Kelele unayoisikia kutoka chumba cha pili saa nane za usiku ni mkia wa jambo lililoanzia kwenye ubongo na moyo. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa makubaliano kwamba kwa mtu aliye mzima wa afya, kusaga meno usingizini hakupaswi kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ni mwenendo wa misuli ya taya, ambao kwa baadhi ya watu huleta madhara na kwa wengine hauleti.

Kuna waliopima jambo lenyewe la minyoo. Brazili, mwaka 2008, watafiti walichapisha matokeo ya watoto 57 wa miaka 6 hadi 11, wasagaji na wasiosaga, waliochunguzwa choo. Hawakuona uhusiano. Irani, mwaka 2010, wengine walichunguza watoto wa miaka 3 hadi 6 katika mji wa Isfahan, nao wakasema uhusiano upo. Wasomaji wangu wenye intaneti hunitumia huo wa Irani tu. Nawaomba wausome kwa makini. Kikundi ni kidogo, waliosaga walitambuliwa zaidi kwa maneno ya wazazi, na kukuta vitu viwili kwa mtoto mmoja hakusemi kipi kimeleta kipi. Kisha waniambie kuhusu Kanada. Mwaka 1994 Lavigne na Montplaisir waliuliza zaidi ya watu wazima 2,000 nchini humo, na takriban 8 kati ya 100 walisema wanasaga meno usingizini. Watu wazima wa Kanada wanaishi kwenye nyumba zenye maji ya bomba na vyoo vya kuvuta, hawachezi pekupeku kwenye tope la Kolwezi. Minyoo yao iko wapi?

Nitawapa wapinzani wangu haki yao, nayo ni ndogo. Ipo minyoo midogo myeupe kama uzi ambayo hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa na kuwasha vibaya. Mtoto anayewashwa hulala vibaya, na mtoto anayelala vibaya huamka-amka, na katika kuamka-amka huko anaweza kusaga. Ukimwona mtoto anajikuna makalio usiku, mtibu, na watibu wote mnaolala naye nyumba moja. Ila hapo umetibu mwasho. Mbu, joto la bati, kikohozi na muziki wa jirani vinaweza kumwamsha vilevile, na hakuna anayeniuliza dawa ya muziki.

Kuna mnyoo mmoja tu ninaoufahamu ambao unaweza kweli kuitikisa taya, na ndio msioufikiria kamwe. Ni tegu wa nguruwe. Mtu akimeza mayai yake, kwa mikono au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu, viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri kwa damu na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Vifuko hivyo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifafa katika nchi zinazofuga nguruwe wanaozurura ovyo. Kifafa chaweza kuonekana kwa kutafuna-tafuna hewa, kulamba midomo na kukodoa macho bila kuitika. Na hapa ndipo kidonge cha kununua sokoni kinapogeuka hatari. Dawa ikiua vifuko ubongoni bila maandalizi, ubongo unaweza kuvimba na degedege kuongezeka. Ndiyo maana mgonjwa huyo hutibiwa hospitali, baada ya picha ya kichwa, na kwa dawa za kuzuia uvimbe. Kwa maneno mengine, pale pekee ambapo bibi angekuwa amekaribia ukweli, tiba yake ya nyumbani ndiyo isiyofaa.

Mtauliza, kuna ubaya gani kumpa tu, si dawa ya minyoo haina madhara? Albendazoli ya miligramu 400 au mebendazoli ya miligramu 500, dozi moja kwa mtoto aliyepita miaka miwili, mara moja au mbili kwa mwaka, ni jambo jema. Mwacheni ameze ikigawiwa shuleni. Ubaya ni kwamba msagaji hapewi dozi moja. Hupewa leo, hupewa wiki ijayo, kisha sharubati ya jirani, kisha unga usio na jina. Piperazini, dawa ya zamani ambayo bado watu huitaja kwa mapenzi, ikizidi kipimo hugusa mfumo wa neva: mtoto huyumba, hutetemeka, anaweza kupata degedege. Mtu anatibu misuli inayochezacheza kwa dawa inayoweza kuichezesha.

Halafu kuna lavema, yaani kumsukumia mtoto maji ya mizizi au pilipili kwa nyuma kwa kipira. Hili sitalipamba. Utumbo wa mtoto hunyonya kile unachokiweka humo, na huungua kwa kile kinachounguza. Watoto hupoteza maji, hujeruhiwa njia ya haja kubwa, na figo zinaweza kuharibika kwa sumu ya mizizi ambayo hata aliyeichimba hajui kiasi chake. Kufanya hivyo kwa sababu meno yamelia usiku ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Na ubaya mkubwa kuliko yote ni huu: jibu la minyoo linafunga maswali mengine. Mtoto akishapewa dawa, nyumba inatulia na kungoja. Wakati huo kuna taya ambazo hazipaswi kungojwa hata usiku mmoja.

Ya kwanza ni taya iliyopinda ghafla. Mtoto au kijana alitapika jana, akapewa metoklopramidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Primperan. Leo taya imekwenda upande, ulimi unatoka, shingo imevutwa nyuma, macho yametazama dari, na akili yake ni timamu kabisa. Nyumbani wanasema amerogwa, wengine wanasema pepopunda, wengine, bila shaka, minyoo. Ni dawa. Mara nyingi hutokea ndani ya siku chache za kwanza, na watoto na vijana ndio huathirika zaidi. Sindano sahihi hospitalini huifungua taya mara nyingi ndani ya dakika chache, na kinachobaki ni kutompa tena dawa hiyo. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipiga marufuku kuitumia kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja na wakaweka kikomo cha siku tano kwa wengine. Kwetu bado inauzwa kwa vidonge vya kuhesabu, bila karatasi. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli hufanya vivyo hivyo, na zikitumiwa miaka mingi zinaweza kuacha mdomo ukitafuna-tafuna mchana kutwa. Anayezitumia asiziache mwenyewe, amrudie aliyemwandikia.

Ya pili ni taya iliyokaza na haifunguki. Mchimbaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuzwa machimbo, amejikata kwa koleo, jeraha dogo, amelifunga kwa kitambaa na kurudi shimoni. Siku ya nane hivi anashindwa kufungua mdomo kutia tonge la bukari, shavu limekuwa gumu kama ubao, uso umejivuta kama anayecheka bila furaha. Hiyo ni pepopunda mpaka ithibitike vinginevyo, na aende hospitali kubwa saa hiyohiyo. Kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha. Mtoto mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza kisha akaacha kunyonya na kukakamaa, ni hivyohivyo. Chanjo inaizuia. Jino la mwisho lililooza na kutunga usaha pia linaweza kufunga taya, nalo huja na maumivu na uvimbe upande mmoja. Hilo lileteni kwangu, na lileteni kabla shingo haijavimba.

Ya tatu ni taya iliyofunguka na haifungi. Mtu amepiga mwayo mkubwa, kiungo kilicho mbele ya sikio kimeruka, mate yanatiririka. Msimpige kofi. Daktari huirudisha kwa vidole gumba juu ya magego, akisukuma chini kisha nyuma, njia iliyojulikana tangu enzi za Hippocrates.

Ya nne ni meno ya mtoto yanayosogea kabla ya wakati wake. Meno ya mbele kulegea mtoto akiwa na miaka sita ni baraka. Magego ya utotoni kulegea na kutengana akiwa na miaka minne au mitano, huku taya ikivimba kwa siku chache na labda jicho likisukumwa, ni jambo jingine. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe huu wa taya za watoto, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria kali ya kudumu, na sisi tumo. Hukua kwa kasi ambayo saratani chache zinaifikia. Wingi wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Habari njema ni kwamba husikia dawa za saratani vizuri sana, na watoto wengi hupona wakifikishwa mapema. Habari mbaya ni wale wanaong’olewa jino lililolegea, wakarudishwa nyumbani, wakapewa dawa ya minyoo kwa sababu tumbo nalo limevimba. Tumbo lilivimba kwa saratani ileile.

Baada ya minyoo, watu wa mji huu huniuliza kuhusu vumbi. Swali hili ni la heshima zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo kutoka Kasulo hiyohiyo. Kobalti katika mkojo wa wakazi ilikuwa juu, kwa watoto zaidi, na watoto walionyesha dalili za uharibifu wa chembe za urithi. Hilo latosha kukasirisha mtu yeyote. Lakini hawakupima taya wala kusaga meno, nami sitayatia maneno vinywani mwao. Manganizi ni habari tofauti. Tangu mwaka 1837, James Couper wa Glasgow alipoeleza wasagaji wa madini hayo waliolegea miguu na kupoteza sauti, inajulikana kwamba vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huharibu ubongo. Anayefanya kazi kwenye vumbi la aina hiyo, kama lile la madini ya Kisenge, akiona uso unakakamaa, mwendo unabadilika na mikono inatetemeka, aende kupimwa, wala asianze na mimi.

Kinachonihusu moja kwa moja ni asidi. Katika kumbi za elektrolizi, ambako shaba hukusanywa kutoka kwenye maji yenye asidi ya salfa, ukungu wa asidi hula meno ya mbele. Wafanyakazi huja na meno mafupi na kuambiwa wanasaga. Tofauti inaonekana. Anayesaga huwa na nyuso bapa, laini, zinazolingana jino la juu na la chini. Anayeliwa na asidi huwa na meno yaliyokonda upande wa nje, yenye kingo nyembamba, hata mahali yasipogusana. Wapo wenye yote mawili. Dawa ya asidi ni barakoa, kipumulio na hewa inayozunguka ukumbini, na hiyo ni kazi ya mwajiri.

Kwa watu wazima, orodha ya wachochezi wa kusaga ni fupi na haina siri: usingizi uliovurugwa na zamu za usiku, kukoroma, sigara, kahawa ya jioni, pombe, ikiwemo lutuku yenu, na baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini na sertralini. Kukaza meno mchana ni tabia nyingine, ya mwenye mawazo na mwenye haraka. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori Kasumbalesa anaweza kubana meno saa nzima bila kujua, kisha jioni akalalamikia sikio lisilo na kasoro.

Na meno ya mtu mzima yanayosogea yenyewe? Fizi zilizooza, mara tisa kati ya kumi katika kiti changu. Zikitoka damu unapopiga mswaki, ndipo pa kuanzia. Au gego liling’olewa miaka iliyopita, na jirani zake wakalala kwenye pengo.

Sasa ya kufanya, upesi upesi. Mtoto anayesaga usingizini tu, asubuhi anaamka mzima, anakula, anacheza: mwacheni. Alale mapema na kwa saa zilezile, simu izimwe, chai nzito ya jioni iachwe, msimwamshe na msimpige. Meno ya utotoni yaliyosagika kidogo yatang’oka kwa zamu yake. Simtengenezei mtoto kifuniko cha meno, kwa sababu taya zake zinakua na kifuniko hakikui. Akikoroma kila usiku, akilala kinywa wazi au akikatika pumzi, mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie mafindofindo. Akiamka na maumivu ya kichwa au ya taya, au jino likivunjika, njooni. Mtu mzima anayesaga na kuharibu meno nitampa kifuniko kigumu cha akriliki cha usiku. Kinalinda meno, hakikomeshi kusaga, na anayekuahidi kukomesha anakuuzia kitu. Usikubali mtu akupunguzie meno mazima kwa mashine ili “yakae sawa”. Anayekaza mchana akumbuke kanuni moja: midomo ifungwe, meno yaachane, meno hugusana wakati wa kula na kumeza, basi. Taya ikiuma, chakula laini wiki moja au mbili, kitambaa cha uvuguvugu, na acha kutafuna miwa. Dawa ya minyoo ifuate ratiba yake ya mwaka, iwe na kelele au isiwe na kelele.

Na mkija, njooni na vitu viwili. Video ya simu, hata ya nusu dakika, inayoonyesha uso wa mtoto wakati taya inapocheza, kwa sababu kliniki watoto hawasagi. Na kila dawa aliyomeza mwezi huu: maboksi, chupa, vidonge vilivyokatwa, majani yaliyofungwa kwenye karatasi. Sitamgombeza mtu. Nataka kuona alichokunywa mtoto kabla sijaangalia kinywa chake.